Reki ya Trekta Ndogo Mombasa: Dalili, Chanzo na Reki ya Kununua

Masika yakikaribia simu yangu hailali. Kiwanja cha shule Kisauni kimejaa kokoto, njia ya murram Mtongwe imekuwa mabonde matupu, mwenye nyumba Nyali ataka nyasi zipandwe kabla mvua ya Mei haijashuka. Kazi zote hizo hufanywa na chombo kimoja, reki ya kufunga nyuma ya trekta. Lakini zipo simu nyingine, za watu waliokwisha kununua reki zao wenyewe na sasa zawasumbua: moja yaelea, nyingine yazama, nyingine yavunja meno kila wiki. Wanaopiga hudhani kosa ni la dereva. Mara nyingi dereva hana kosa lolote, tatizo lilinunuliwa pamoja na reki.

Ndiyo maana naanza na dalili, si na orodha ya reki zilizopo dukani. Aliye na reki inayomsumbua atatafuta dalili yake. Anayetaka kununua naye asome zote, kwa sababu kila dalili hapa ni swali la kuuliza kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Reki ninayoizungumzia ni fremu ya chuma yenye safu ya meno yaliyopinda kama herufi C. Meno ni ya chuma cha springi, kila moja lina upana wa inchi 1 hivi, na kati ya jino na jino kuna nafasi ya karibu inchi 1. Hufungwa kwenye mikono miwili ya chini ya trekta na mkono mmoja wa juu ambao mafundi huuita toplinki. Haina mota, wala haizungushwi na shafti ya trekta, hukokotwa tu. Zipo reki zenye ngoma inayozunguka kwa nguvu ya shafti. Hizo ni chombo kingine na bei nyingine kabisa, na ukiambiwa bei iliyokushtua, hakikisha kwanza mnazungumzia kitu kimoja.

Kazi yake ni kukusanya mawe na mizizi, kutandaza murram, kukwangua majani, na kusawazisha udongo uliokwisha kulegezwa. Hayo maneno mawili ya mwisho yashike sana, maana dalili ya kwanza yatoka hapo.

Reki inaelea, haichukui kitu

Umeshusha, unavuta, na reki inakwaruza tu kama kuku apekuaye saruji. Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na lina vyanzo vitano. Vikague kwa mpangilio huu, kwa sababu vitatu vya mwanzo havigharimu hata shilingi.

Anza na mkono wa haidroliki kando ya kiti. Trekta ndogo hainayo nguvu ya kusukuma chombo cha nyuma kwenda chini. Haidroliki yake hunyanyua, na chombo hushuka kwa uzito wake chenyewe. Dereva akiuacha mkono katikati, reki inaning'inia badala ya kulala. Usukume mpaka mwisho ili reki iachiwe kabisa, ifuate ardhi ilivyo.

Halafu tazama vigurudumu vya nyuma, kama reki yako inavyo. Kazi yake ni kuzuia meno yasizame. Vikishushwa mno ndivyo vinavyobeba reki yote, na meno yanabaki kugusa vumbi. Vipandishe tundu moja, jaribu tena.

Tatu ni toplinki. Ukiifupisha, sehemu ya juu ya fremu huvutwa kuelekea trekta, vigurudumu vya nyuma hupungukiwa mzigo, na ncha za meno huelekea chini zaidi. Ukiirefusha, meno hulala na kuteleza. Reki inayoelea huenda yataka toplinki fupi kidogo. Izungushe mara mbili tu, endesha hatua ishirini, shuka utazame. Watu huizungusha mara kumi kwa mkupuo, reki ikazama, wakadhani chombo ni kibovu.

Ukishamaliza hayo matatu na bado inaelea, basi tatizo ni ardhi, na hapo ndipo Mombasa inapotuhukumu kwa namna yake. Sehemu kubwa ya kisiwa na ukanda wa Nyali mpaka Shanzu imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mahali pengine udongo ni kiganja kimoja tu, chini ni mwamba. Ukienda Changamwe na Jomvu wakutana na udongo mzito unaokauka kama tofali. Na njia za mitaani zina murram iliyoshindiliwa na malori miaka na miaka. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, jua limekausha kila kitu, na hakuna reki ya kukokotwa itakayoingia humo.

Kipimo changu ni mtaimbo. Uinue mpaka usawa wa goti, uachie udondoke wima. Usipoingia hata inchi moja, reki haitaingia. Ardhi hiyo yahitaji kuvunjwa kwanza, ama kwa haro, ama kwa plau ya meno marefu, ama kwa lile boksi la chuma la kusawazishia ambalo lina meno ya kuchimbulia mbele yake. Reki hufuata baada ya hapo. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, na kazi yako kubwa ni njia za murram, nasema kwa moyo mweupe: usinunue reki kwanza. Nunua boksi. Reki itakuja siku nyingine. Wengi wamefanya kinyume kwa sababu reki huwa nyepesi na bei yake nafuu, wakabaki na chombo kinachohitaji chombo kingine ili kifanye kazi.

Kwa asiyekuwa na haraka kuna njia ya bure, nayo ni kungoja. Mvua ikinyesha vizuri, acha siku moja au mbili maji yanywewe, kisha ingia. Murram yenye unyevu wa kiasi, ile inayoshikana ukiifinya mkononi lakini haikuchafui, hukubali meno.

Chanzo cha tano ni uzito. Reki nyepesi ya futi 5 huanzia kilo 80 hivi. Nzito, yenye fremu nene, hupita kilo 120. Kwa majani na mchanga nyepesi yatosha. Kwa kokoto na udongo mzito, nunua nzito tangu mwanzo. Wengine huweka gunia la mchanga juu ya fremu, na inasaidia, mradi lifungwe imara kwa mnyororo na uzito usipite kile ambacho trekta yaweza kuinua salama. Mawe yaliyowekwa bila kufungwa sitaki hata kuyaona. Nimeona jiwe likidondoka mbele ya mtoto aliyekuwa akiifuata trekta kwa furaha, na moyo wangu haujasahau.

Inazama na kukusanya nusu ya kiwanja

Hii ni dalili ya mchangani. Reki inashuka, baada ya hatua kumi ina rundo la udongo linalofika kwenye fremu, tairi za nyuma zinaanza kuchimba. Irefushe toplinki, yaani ulivyofanya hapo juu sasa ufanye kinyume. Kama reki haina vigurudumu vya nyuma, hapo ndipo utakapojua thamani yake. Kwa mchanga mlaini wa pwani navihesabu kuwa lazima. Muuzaji anaweza kukuambia kwamba ni nyongeza tu, na kwa ardhi ngumu ana haki. Uliza pia kama fremu ina mahali pa kuvifunga baadaye, kwa sababu reki nyingine za bei rahisi hazina hata matundu yake.

Jambo jingine ni kuigeuza reki. Reki nyingi nzuri huzunguka juu ya mhimili wake, waweza kuipinda kwa pembe au kuigeuza nyuma mbele kabisa, migongo ya meno ndiyo ikaburura. Ikigeuzwa hivyo haichimbi, inapapasa, na mchanga unabaki umelala kama kitanda kilichotandikwa. Kiwanja kinachomwagiwa mbegu za nyasi hukamilishwa namna hiyo. Isiyogeuka, iache dukani.

Nikiwa hapa kwenye mchanga niseme jingine. Huulizwa mara kwa mara kama trekta na reki zinaweza kuondoa mwani ufukweni. Kwa nguvu, zinaweza. Lakini ufuo wa kuanzia Nyali kupanda Bamburi mpaka Shanzu ni mahali kasa wanapotaga, na bahari iliyo mbele yake ina hifadhi ya taifa tangu 1986. Meno ya reki na uzito wa tairi huharibu mayai yaliyofukiwa mchangani bila wewe kuona chochote. Kazi ya ufukweni siingii kabla mwenye kazi hajazungumza na Shirika la Wanyamapori la Kenya, na mwani mara nyingi huondolewa vizuri tu kwa reki za mkono na mikokoteni.

Mistari ya tairi inabaki nyuma

Umepita kiwanja chote, kimelala vizuri, ila kila ulipopita pana mitaro miwili ya tairi. Chanzo ni upana wa reki, na hakuna marekebisho yatakayokuokoa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pima trekta yako kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma mpaka ukingo wa nje wa nyingine. Reki lazima ipite upana huo, na ipite hata ikiwa imepindwa. Hapo ndipo watu hujikwaa. Reki hupindwa ili udongo na mawe yasukumwe upande mmoja yakatengeneza mstari, na ikipindwa upana wake hupungua. Reki ya futi 5 ina sentimita 152 ikiwa imenyooka. Ukiipinda nyuzi 30 inabaki na sentimita 132 hivi. Ya futi 6 ina 183, ikipindwa hivyo inabaki na 158. Ukiipinda nyuzi 45, ile ya futi 6 inashuka mpaka 129 tu. Kwa hiyo mwenye trekta yenye upana wa sentimita 140 aliyenunua reki ya futi 5 atafurahi siku anazokwenda moja kwa moja, na ataona mistari siku anazopinda.

Basi si bora kununua pana kabisa? Nilidhani hivyo. Nilikuwa na trekta ya nguvu za farasi 24 nikanunua reki ya futi 7, nikaona nitamaliza kazi haraka. Kwenye kiwanja tambarare cha mchanga ilikwenda. Siku ya kwanza Miritini, kwenye udongo mzito wenye mizizi, trekta ilisimama ikizungusha tairi, na nilipoipinda reki ikauvuta mkia wa trekta pembeni mpaka nikagusa ua wa jirani. Ua nilijenga upya kwa gharama yangu na reki nikaiuza kwa hasara. Kipimo ninachokitumia tangu siku hiyo ni nguvu za farasi 5 kwa kila futi ya reki. Trekta ya 20 hubeba futi 4, ya 25 hubeba futi 5, ya 30 hubeba futi 6. Kwa mchanga mtupu na majani unaweza kupita kidogo. Kwa udongo wa Changamwe usipite.

Kama hesabu mbili hizi zinagombana, yaani upana wa tairi wataka futi 6 na nguvu ya injini yakubali futi 5, fuata tairi lakini chagua reki nyepesi, upinde kidogo, uende kwa gia ya chini. Mistari ya tairi huonekana kila siku, ila mzigo wa kuvuta waweza kuupunguza kwa kupita mara mbili.

Kiwanja kina mawimbi

Tairi za mbele zikipanda kidundo, nyuma inashuka na reki inachimba. Zikiingia shimoni, reki inapanda. Baada ya kupita mara tatu kiwanja kinakuwa kama bahari ya kusi. Vigurudumu vya nyuma hupunguza hilo kwa sababu reki huanza kufuata ardhi iliyo nyuma yake badala ya kufuata pua ya trekta. Punguza mwendo, halafu mara ya pili usipite njia ile ile, pita kwa kuikata, au ipinde reki kidogo. Mwendo wa kutembea kwa miguu ndio mwendo wa reki.

Meno yanavunjika, yanapinda, yanakwisha

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo Mombasa inapokula pesa za watu.

Jino lililovunjika lina habari zake, usilitupe kabla hujalitazama. Likiwa limekatika pale penye bolti, bolti ilikuwa imelegea na jino likawa linacheza mpaka likachoka. Likiwa limekatika kwenye mpindo, lilipiga mwamba kwa kasi. Meno yakiwa yamepinda ubavuni, dereva alikata kona bila kunyanyua reki. Yakiwa yamefunuka, yaani mpindo umenyooka, alirudi nyuma reki ikiwa chini. Na kama yanavunjika upande mmoja tu, ndio upande unaotangulia mnapoipinda reki, nao hupokea kila pigo la kwanza. Pindeni upande wa pili siku nyingine ili mzigo ugawanyike.

Ncha zikiisha taratibu na kwa usawa, hiyo si hitilafu. Mchanga wa matumbawe na kokoto hukwangua chuma.

Sasa jambo la kununua. Zipo reki ambazo kila jino limefungwa kwa bolti yake, na zipo ambazo meno yamechomelewa kwenye fremu. Za pili ni rahisi kwa bei, na baadhi zinatengenezwa kwa ustadi hapa hapa mjini. Lakini chuma cha springi kimepata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikichomelea, pale karibu na weldi kinakuwa kama kioo na pembeni yake kinalegea. Fundi mmoja mzee wa chuma alinifundisha haya nilipomletea jino lililokatika. Nilimwambia, "Ami, nichomelee hili, nina kazi asubuhi." Akaligeuza mkononi, akanijibu, "Mwanangu, pesa yako nitaichukua, na kesho utarudi na vipande viwili badala ya kimoja. Nenda katafute jino." Nilikaidi, nikachomelewa kwingine. Saa nne asubuhi kazi ilisimama.

Kwa hiyo shauri langu kwa mtu wa pwani ni meno ya bolti, kila moja peke yake. Siku ya kununua chukua na meno ya akiba, angalau manne, maana meno ya aina ile ile huenda yasipatikane unapoyahitaji. Pima unene wa jino pia. Lenye milimita 8 hivi huvumilia kokoto. Lililo jembamba zaidi ni la majani na nyasi.

Bolti nazo zisidharauliwe. Bolti laini ya duka la karibu hurefuka kidogo kidogo ikilegea, na jino hufa kwa kosa la bolti. Tazama kichwa chake. Bolti ya vipimo vya milimita iliyoandikwa 8.8, hilo ni daraja la nguvu zake wala si unene, yatosha kwa kazi hii. Isiyoandikwa chochote iache kwa kufungia mlango. Kaza zote baada ya saa la kwanza la kazi, halafu kila asubuhi pitisha spana.

Na kuna chumvi. Upepo wa bahari hauchagui. Kutu kwenye chuma cha springi huacha vishimo vidogo, na ufa huanza kwenye kimoja kati ya hivyo hata kama jino laonekana zima. Kila nikitoka mchangani huosha reki kwa maji baridi, si ya kisima cha chumvi, na nikishakausha napaka oili chafu kidogo kwenye meno na grisi kwenye mhimili wa kugeuzia. Reki iliyoachwa nje Likoni mwaka mzima bila hayo, pini yake ya kugeuzia hushikana mpaka itolewe kwa nyundo na moto. Ukienda kutazama reki ya mitumba, jambo la kwanza ni hilo: igeuze. Isipogeuka, punguza bei au ondoka.

Trekta inanyanyua pua

Reki ikiwa juu, usukani unakuwa mwepesi. Ukipanda mteremko mkali, kwa mfano njia ya kutoka kwenye feri ya Likoni, tairi za mbele zinagusa tu kama mtu anyatiaye. Hilo ni la hatari, si la usumbufu.

Vitabu vingi vya matrekta husema tairi za mbele zibaki na asilimia 20 au zaidi ya uzito wa trekta. Huna mizani, lakini unaweza kuhisi. Ukikata kona polepole na tairi zinaburuzika mbele badala ya kugeuka, umepungukiwa. Ongeza uzito wa mbele, ule wa vyuma vinavyoning'inizwa kwenye pua. Beba reki chini iwezekanavyo, sentimita 30 kutoka ardhini yatosha.

Ukinunua, usidanganywe na tarakimu ya kunyanyua peke yake. Uwezo wa kunyanyua hupimwa mahali pawili, kwenye ncha za mikono, au sentimita 61 nyuma yake, na tarakimu ya ncha huwa kubwa zaidi. Uzito wa reki uko nyuma ya ncha, kwa hiyo tarakimu ya nyuma ndiyo inayokuhusu. Na kwenye mteremko funga mkanda, fremu ya kinga iwe imesimama. Trekta ndogo ni nyepesi kupinduka.

Haipachiki, au inapachika na kuyumba

Trekta nyingi ndogo tunazoziona hapa zimeshuka Kilindini zikiwa zimetumika Japani. Ni mashine nzuri. Lakini baadhi yake mikono ya nyuma ilitengenezwa kwa ajili ya mashine ya kulimia ya Kijapani, ni mifupi au haina toplinki ya kawaida, na reki iliyotengenezwa kwa vipimo vya kimataifa haikai.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Kategoria 0 ina pini za chini zenye unene wa milimita 16 hivi. Kategoria 1 ina pini za chini za 22 na ya juu ya 19. Kategoria 2 ina 28 au 29 chini na 25 juu. Trekta za nguvu za farasi 20 mpaka 40 huwa nyingi katika Kategoria 1, zile ndogo kabisa katika 0. Usimuulize mtu, pima. Beba kalipa au hata rula, pima tundu la mkono wa chini, pima pini ya reki, halafu pima nafasi kati ya mikono miwili. Pini nyembamba kwenye tundu kubwa hutatuliwa kwa bushi, yaani pete ya chuma ya kujazia nafasi, na bushi ni za bei ndogo. Kinyume chake ni kukata na kuchomelea, na hapo umeingia gharama. Mikono mifupi nayo hufanya tairi ligonge reki ukiinyanyua ikiwa imepindwa. Jaribu hilo pale pale yadi, kabla ya kulipa: ipinde mpaka mwisho, inyanyue mpaka mwisho, zunguka utazame.

Kama inapachika lakini inayumba kulia na kushoto, kaza minyororo ya pembeni inayozuia mikono. Bakiza uchezaji wa vidole viwili.

Inaziba

Makuti makavu, makumbi na nyuzi za mnazi hukwama kati ya meno, na baada ya dakika tano unakokota zulia. Chanzo si reki mbovu. Majani marefu yaokotwe kwanza kwa mkono, kuti zima halifai kuachiwa chombo. Vifuu na madafu matupu reki hukusanya vizuri. Sindano za mvinje ndizo zinazopita katikati ya meno, kwa sababu nafasi ni inchi 1. Toplinki iwe ndefu, mwendo uwe polepole, na sindano zitajisuka zenyewe zikawa rundo. Kokoto ndogo kuliko nafasi hiyo nazo zitabaki. Mwenye kiwanja cha mpira anayezitaka zitoke zote yampasa kutandaza udongo laini juu yake.

Nikikusanya majani ya mivinje huwaomba wenye nyumba wasiyachome moto. Pale Bamburi, machimbo ya saruji yaliyobaki mwamba mtupu yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 na Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji, na majongoo walioyala majani yake ndio waliotengeneza udongo unaobeba msitu wa Haller Park leo. Kwa hiyo rundo ulilokusanya kwa reki lirudishe chini ya minazi, likae mbali kidogo na shina, unene wa kiganja.